Itundwe Hawalalamiki

Mwaka 1957, kama ungetaka kuwasikia watu wa vilima vya Itundwe wakilalamika, usingepata taabu hata kidogo. Walilalamikia bei ya pareto. Walilalamikia kodi. Walilalamikia amri ya kulima kwa matuta, iliyoletwa kutoka Mbeya na bwana shamba aliyevaa suruali ya pasi na asiyejua kushika jembe. Katika mikutano ya chama walisimama mmoja baada ya mwingine wakaisema Serikali mpaka karani wa Serikali, aliyekaa nyuma akijifanya mpita njia, akaishiwa karatasi. Lakini hospitali yao hawakuilalamikia hata mara moja, na kwa sababu hiyo Tadeo, aliyekuwa mtu mpole, alifikia hatua ya kutamani kuwatandika vibao, Mungu amsamehe.

Tadeo alikuwa dresa wa hospitali hiyo. Wamisionari wa kwao Songea walimfundisha kufunga vidonda. Baadaye akaongezewa sindano, akaongezewa homa, mwisho akaongezewa kila kitu kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongezewa. Daktari alikuwako, jina lake liliandikwa kwa rangi nyeupe mlangoni. Mwenyewe alikaa Mbeya mjini, na Itundwe alifika Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, barabara ikimruhusu. Barabara ilikuwa haimruhusu mara nyingi.

Hospitali wenyeji waliijenga kwa mikono yao. Matofali walichoma wao, mabati yalitolewa na Bwana Alawi, mwenye duka la nguo mjini, na siku ya kufunguliwa walichinjwa ng'ombe wawili. Ilikuwa na vitanda kumi na vinane. Wagonjwa walikuwa thelathini wakati wa kiangazi na hamsini wakati wa mvua, na waliozidi walitandikiwa mikeka chini, kati ya kitanda na kitanda. Kulazwa kulikuwa senti hamsini au kuku. Uji wa asubuhi ulikuwa wa bure, na kusema kweli, hata ungeuzwa usingepata mnunuzi.

Mkunga alikuwa mmoja tu, Sekela, mwanamke wa Tukuyu, mrefu, mchache wa maneno, ambaye mwezi wa Januari peke yake alizalisha akina mama sitini na mmoja. Alikula akiwa amesimama. Tadeo aliwahi kumkuta amelala wima, kichwa kimeegemea kabati la dawa, mkononi ameshika mkasi, na akampita kwa kunyata.

Sasa, kila mwaka mwezi wa Machi ofisi ya Jimbo ilimtuma karani na fomu zake awaulize wagonjwa kama wameridhika. Hospitali ambayo wagonjwa wake walionekana kuwa na taabu zaidi ndiyo iliyoongezewa mtumishi. Mpango mzuri kabisa, ukiutazama ukiwa umekaa ofisini. Mwaka uliotangulia, watu wa Itundwe waliulizwa mmoja mmoja, na wote, pamoja na waliolala mikekani, walijibu kwamba hospitali ni nzuri sana na hawana la kuongeza. Mkunga wa ziada akapelekwa kwenye hospitali moja ya njia ya Iringa, kule chini karibu na Ruaha Mbuyuni, ambako wagonjwa wengi ni wasafiri na madereva wa malori. Msafiri akishatibiwa haonani nawe tena, kwa hiyo husema yote yaliyo moyoni mwake na mengine ya kuazima.

Itundwe mambo hayakuwa hivyo. Kwa desturi ya vilima vile, mtu aliyelala nyumbani mwako na kula chakula chako hawezi kuisema nyumba yako mbele ya mgeni. Ukimwuliza ugali ulikuwaje, atasema ulikuwa mzuri hata kama uliungua. Akisema vingine ametangaza kwamba undugu umekwisha, na kwamba hatakanyaga tena kwako. Na mgonjwa, kwa hali yake, ndiye mtu wa mwisho kutaka kutangaza kwamba hatakanyaga tena hospitalini.

Kisha, mwezi wa Februari, likatokea la Esta.

Esta alikuwa mke wa mkulima mmoja wa pareto, mimba yake ya kwanza. Alifika alfajiri kwa miguu, uchungu umeshaanza, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Sekela alikuwa ndani na mama mwenye mapacha, wa kwanza ametanguliza mkono. Tadeo alikuwa upande wa pili anamshona mtu aliyejikata mguu kwa shoka. Esta hakuita. Aliona watu wana kazi, akangoja kwa adabu, kanga ameiuma kwa meno, mpaka jua likapanda likafika saa tano. Sekela alipotoka kuchota maji alimkuta amezaa pale pale chini, na kitovu kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Mtoto alikuwa ameshakufa.

Kesho yake, kabla ya kurudi nyumbani, Esta alimwinamia Sekela akampa mkono kwa heshima zote. "Ndaga, mama," alisema. "Asante. Mmefanya kazi."

Sekela alikwenda nyuma ya stoo akakaa juu ya debe. Tadeo alimfuata, akamwona analia bila kutoa sauti, mikono imelala mapajani.

"Bwana Mganga," alisema bila kumtazama, "mwenzangu asipoletwa kabla ya Pasaka, mimi naondoka. Dada yangu ana mgahawa Iringa. Nitakaanga maandazi. Andazi likiungua halina mama yake anayekuja kukushukuru."

Tadeo alimjua Sekela kwa miaka sita na hakuwahi kumsikia akitishia. Akaona maji yamemfika shingoni. Sekela akiondoka, wanawake wa vilima vyote vile wangebaki na yeye Tadeo na mkasi wake, na kuhusu uzazi Tadeo alijua mambo manne, mawili kati yake si ya uhakika.

Basi akaamua kwamba safari hii watu wa Itundwe watalalamika, wapende wasipende.

Kila asubuhi, wakati wa uji, alikuwa na desturi ya kuwahutubia wagonjwa juu ya choo na maji ya kuchemsha. Asubuhi hiyo aliacha choo. "Wazee wangu na mama zangu," alisema, "karani anakuja baada ya wiki tatu. Akiwauliza, semeni ukweli. Semeni mnalala chini. Semeni mkunga ni mmoja. Semeni uji huu ni maji yaliyopita karibu na unga."

Watu walitazama vikombe vyao. Mwishowe Bibi Ikupa, kikongwe aliyevunjika nyonga na ambaye kwa umri wake alisema kwa niaba ya wote, akasafisha koo.

"Mwanangu Tadeo, sisi tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, bibi."

"Basi kwa nini unatufukuza?"

"Siwafukuzi! Nataka mseme shida zenu ili tuletewe mkunga wa pili."

"Mimi niliingia humu nimebebwa," Bibi Ikupa alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto mdogo. "Umeniosha, umenilisha, mimi si ndugu yako, wala kabila lako si langu. Leo nimwambie mtu wa mjini kwamba kwa Tadeo nimeshinda njaa? Wajukuu zangu watakupitia wapi?"

Tadeo alieleza tena, alieleza kwa mifano, alieleza mpaka jasho likamtoka. Walimsikiliza kwa makini, wakaitikia kwa vichwa. Kesho yake asubuhi alikuta mlangoni kuku watatu, kapu la viazi na mkungu wa ndizi. Watu walikuwa wamekaa usiku wakashauriana, wakafikia uamuzi kwamba mganga ana kinyongo na njia ya heshima ni kumtuliza.

Aliyemcheka ni Sedekia. Huyu alikuwa mwashi, Mhehe wa Iringa, aliyekuja kujenga daraja akaangukiwa na jiwe mguuni. Alilala kitanda cha kwanza karibu na mlango, mguu umefungwa plasta, mdomo haukufungwa chochote. Tadeo ni Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana, kwa hiyo Sedekia alikuwa na haki kamili ya kumtukana dresa wake kila siku na Tadeo hakuruhusiwa kukasirika. Haki hiyo Sedekia hakuiacha ichache.

"We mwizi wa ng'ombe," alimwita. "Hawa watu wa adabu watakufia mikononi wakisema asante. Kulalamika kunataka mtani. Niachie mimi huyo karani."

Tadeo alisita, lakini si sana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamfundisha: mkunga mmoja, watu wanalala chini, akina mama wanangoja. Sedekia alirudia yote bila kukosea, akaapa kwa mguu wake mbovu.

Karani alifika katikati ya Machi kwa Landrova ya ofisi. Aliitwa Yunusu, mzaliwa wa Mbeya mjini, ambaye babu yake alipanda bara na msafara wa biashara akaona baridi inamfaa. Alikuwa mtu nadhifu, wa maneno laini, na alikunja kanzu yake kwa uangalifu kabla ya kukaa popote. Alikwenda kitanda kwa kitanda na fomu zake.

"Umeridhika, baba?"

"Sana."

"Na wewe hapo chini, unalala wapi?"

"Hapa hapa, bwana. Hapa iko pazuri. Kitandani mimi naogopa kuanguka."

"Mama, ulingoja kwa muda gani?"

"Sikungoja, bwana. Nilikuwa napumzika tu."

Tadeo aliyefuata nyuma alisaga meno. Wakafika kitanda cha Sedekia, na Tadeo akamkonyeza.

"Malalamiko?" aliuliza Yunusu, kalamu ikiwa tayari kuandika hakuna.

"Kaa chini, bwana," alisema Sedekia. "Utachoka miguu."

Akaanza vizuri kabisa. Alisema watu wanalala chini. Lakini wodi ilikuwa imetega masikio, mgonjwa mmoja akacheka, na Sedekia hakuwa mtu wa kusikia kicheko akanyamaza. Mkunga akasahauliwa. Alisema Mngoni huyu anakula kuku wa wagonjwa, wenyewe wananusa. Alisema sindano yake ni ya kutobolea ngozi za ng'ombe, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua kwao. Alisema mguu wake ulikuwa mzima, Tadeo ameuvunja mwenyewe ili asikose kazi. Alisema juzi Mngoni huyu alimzika mtu angali anakohoa, na alipoambiwa akajibu kwamba kaburi limeshachimbwa. Watu walicheka mpaka mzee aliyeshonwa tumbo akaomba huruma. Tadeo mwenyewe alicheka, akajifuta machozi, na alipofumbua macho akamwona Yunusu anaandika.

Alikuwa ameandika yote.

"Bwana Karani," alisema Tadeo, "huyo ni mtani wangu."

"Najua. Na mimi nina watani, nyumbani kwangu hawaishi." Yunusu alikausha wino kwa kuupuliza. "Lakini Bwana Mkubwa wa afya anasoma karatasi, na kicheko hakiandikiki. Nikimpelekea hii ilivyo, utafukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Nikiichana, fomu zimehesabiwa, nitafukuzwa mimi. Niletee watu waseme si kweli, niandike chini yake. Mambo yatakwisha."

Habari kwamba Tadeo ameshtakiwa ilishuka kilimani kwa kasi ambayo posta ya Serikali haijawahi kuifikia. Kabla ya adhuhuri ua ulijaa. Watu waliacha majembe mashambani. Bibi Ikupa alitolewa nje akiwa amebebwa pamoja na kitanda chake. Yunusu akawekewa meza barazani, na mashahidi wakaanza.

Hapo ndipo Tadeo alipoonja uchungu wa kupendwa. Walimtetea bila kubakiza kitu. Mmoja alisema katika hospitali hii hakuna aliyewahi kulala chini. Wa pili alisema uji wake una maziwa. Bibi Ikupa alisema ana mablanketi manne, na lile moja alilokuwa nalo akalifunika vizuri lisihesabiwe. Mwingine, kwa kuzidiwa na moyo mwema, alisema hapa hapajawahi kufa mtu. Yunusu aliandika kwa furaha. Kila shahidi alimtoa Tadeo shimoni hatua moja, na hatua hiyo hiyo akamsogeza Sekela karibu na basi la Iringa. Sekela mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ndani, kwa sababu kuna mtoto aliyeamua kuzaliwa siku ya wageni.

Kisha akasimama Esta.

Alikuwa amekonda. Alisimama wima, mikono ameikutanisha mbele, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ukutani: "Mimi nilizalia hapa mwezi uliopita. Sikungoja. Nilipokewa vizuri. Namshukuru mganga."

Watu wakaitikia kwa kuguna, maana wote walijua, na wote waliona ukubwa wa zawadi ile. Tadeo naye aliiona. Ilimchoma rohoni kuliko kisu. Mwanamke yule alikuwa amelipindua jeneza la mwanawe likawa kiti, ili yeye Tadeo akalie. Na angeweza kukaa. Alibakiza kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi rahisi.

"Si kweli," alisema.

Kalamu ya Yunusu ilisimama.

"Futa hiyo, Bwana Karani. Mama huyu alingoja tangu alfajiri mpaka saa tano, pale, kwenye benchi. Nilimpita mara mbili na mkasi mkononi. Alizaa peke yake chini, mtoto akafa. Mnasema hapa hapajawahi kufa mtu. Alikufa mtoto wake, humu ukumbini."

Watu walimtazama Tadeo kwa chuki, ndiyo, chuki, kama mtu aliyemwagia mgeni maji usoni. Bibi Ikupa aligeuza kichwa. Lakini Esta aliketi chini pale pale, akajifunika kanga usoni, akalia kilio kilichokaa mwezi mzima. Nyumbani kwake hakuna aliyemwuliza, kwa maana kuuliza kungekuwa kuilaumu hospitali.

"Alikuwa wa kiume," alisema alipoweza. "Alikuwa na nywele nyingi. Sikuita kwa sababu nilimwona Sekela ndani kupitia mlangoni, mikono yake ina kazi. Ningemwita angeacha nini?"

Yunusu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliifuta miwani yake na kuivaa tena. Akachukua fomu mpya. Aliandika taratibu: tangu alfajiri, saa tano, mtoto amekufa. Tadeo alimsimamia begani akisoma kila neno. Hatimaye Itundwe ilikuwa na lalamiko.

"Mtumishi anayehusika?" aliuliza Yunusu.

"Hakuna anayehusika. Ni uhaba wa watu."

"Hapa hapana nafasi ya uhaba. Pana nafasi ya jina. Mkunga wa zamu siku hiyo alikuwa nani?"

"Sekela!" Tadeo alipiga meza. "Jana Sekela, leo Sekela, kesho Sekela! Hakuna mwingine, ndiyo ninachokwambia!"

Yunusu akaandika: Sekela.

Jioni Tadeo alimkuta Sekela ananawa mikono. Akamweleza yote kwa pupa, Sedekia na mablanketi manne na Esta, na kwamba safari hii imeandikwa, kwa wino, wataisoma. Sekela alisikiliza huku maji yakimchuruzika viwikoni. Kisha akatabasamu, jambo ambalo Tadeo hakuliona kwa miezi mingi.

"Basi nitangoja," alisema. "Mwambie Esta nitakwenda kumwona."

Akaenda kweli, Jumapili, akakaa naye mpaka jua likaelekea kuzama. Walichozungumza hakuna aliyekisikia.

Jibu la ofisi lilifika wiki moja kabla ya Pasaka, limepigwa chapa, na muhuri wake. Ofisi ilifurahi kuona kwamba kati ya watu arobaini na wawili waliohojiwa Itundwe, arobaini wameridhika kabisa, idadi ya kupigiwa mfano katika Jimbo zima. Tuhuma dhidi ya dresa zilionekana kuwa hazina msingi. Lalamiko moja lilithibitishwa kwa ushahidi wa dresa mwenyewe: mkunga wa zamu, Sekela, alimwacha mzazi bila huduma tangu alfajiri mpaka saa tano, na kwa uzembe huo ameachishwa kazi kuanzia mwisho wa wiki. Ofisi, kwa kujali afya ya wananchi, inatuma mkunga.

Tadeo alisoma mara tatu. Siku hiyo hiyo alitembea mpaka Mbeya, maili kumi na nne, akamkuta Yunusu mezani pake. Yunusu aliinuka, akamvutia kiti, akamwagizia chai, akafanya kila heshima anayoweza kuifanya mtu asiye na la kufanya.

"Niliandika mliyosema," alisema. "Wallahi sikuongeza hata nukta. Nimemweleza Bwana Mkubwa kwa mdomo pia, kwamba mama yule hakumlaumu mkunga. Akaniuliza, kama hakumlaumu, jina lake limefuata nini kwenye fomu?"

"Tuliomba mkunga wa pili."

"Ameandika kwamba ombi lenu limetimizwa," alisema Yunusu kwa sauti ndogo, akatazama chai.

Watu wa Itundwe walipopata habari walikuja wote, na safari hii walilalamika. Walilalamika kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, uani na barazani, kwamba Sekela hana kosa, kwamba kazi ilimzidi, kwamba wao wamelala chini miaka sita, kwamba uji ni maji. Bibi Ikupa alilifunua blanketi lake moja akalipeperusha ili kila mtu alione. Walisema mambo yote ambayo Tadeo aliwafundisha na mengine mazuri zaidi. Karani angekuja Machi ya mwaka ujao.

Sekela alifunga sanduku lake Ijumaa. Tadeo alimbebea mpaka barabarani. Alitaka atukanwe. Alitaka Sekela awe Mhehe walau kwa robo saa, amwite mwizi wa ng'ombe, amwambie ulimi wake ndio uliomfukuza.

"Sekela, mimi ndiye niliyetaja jina lako."

"Nimesoma barua," alisema Sekela. "Hukusema uongo." Alipokea sanduku, akapanda basi, akaketi upande wa pili ambako dirisha halikutazamana na Tadeo.

Mkunga mpya aliletwa na Landrova Jumanne baada ya Pasaka. Aliitwa Marta, msichana wa miaka ishirini, ametoka chuoni mwezi huo, viatu vyeupe bado havijapata mkunjo. Alimwamkia Tadeo kwa kupiga goti kidogo. Kisha akatazama ukumbini, ambako akina mama watano walikuwa wanangoja, na mmoja alikuwa ameshaanza kuuma kanga.

"Shikamoo tena, Bwana Mganga," alisema. "Nimeambiwa hapa wakunga sasa ni wawili. Mwenzangu yuko wapi nimwamkie?"

Tadeo alimpokea mzigo wake, akamwonyesha pa kunawia mikono.